Msuluhishi wa ndoa hapokei simu, na siri zako zishafika saluni: mwongozo kamili kwa wakazi wa Dar

Nafanya usaidizi wa kisheria huku Temeke na kiukweli wiki haiishi sijakutana na mtu wa hivi. Kapeleka shauri lake la ndoa baraza la kata, kasikilizwa mara moja, kaambiwa "nenda, tutakupigia", halafu kimya. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano, mwenyekiti hapokei simu, katibu anasema njoo Alhamisi, Alhamisi ukienda unakuta kufuli. Na huku nyuma saluni ya mtaani wanajua mumewe alihama chumba tangu mwaka jana, kitu alichokisema mbele ya watu wanne tu tena huku analia.

Mwisho anachoka, anaenda zake mahakamani kudai talaka bila hati ya baraza, shauri linafutwa, anarudi kwa mwenyekiti yuleyule. Ndo maana nimeandika hii kwa urefu. Isome yote kabla hujatoka nyumbani.

## Unachokifuata pale baraza ni kitu kimoja

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inasema huwezi kufungua shauri la talaka mahakamani mpaka mgogoro wenu upelekwe baraza la usuluhishi wa ndoa na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Uthibitisho huo ni hati, na wengi pale mahakamani wanaiita fomu namba 3.

Bas. Kama mnapatana vizuri, Mungu awabariki, lakini kama imeshindikana baraza halivunji ndoa yenu na wala halitoi talaka. Linasikiliza, linashindwa, linaandika hati. Ukilishika hili utajua nini cha kudai, na pia utajua nini huna haja ya kukisema, maana watu wengi wanamwaga maisha yao yote pale wakidhani baraza ndo hakimu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Tafuta hivi kabla ya hatua yoyote, mana nusu ya kukwama kunaanzia hapa:

- Nakala ya cheti cha ndoa. Cha asili acha nyumbani, au kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba kama hali sio nzuri.
- Kaunta buku moja ndogo, ya shauri hili tu. Usichanganye na hesabu za kikoba.
- Bahasha za A4 zinazofungika, tano hivi, na kalamu ya bluu.
- Bando la kutosha na laini ya simu ambayo mwenzako haijui nywila yake.
- Mtu mmoja tu wa kukusindikiza, mwenye kifua. Nasema mmoja.
- Wito wowote au karatasi yoyote uliyowahi kupewa na baraza, hata kama ni kikaratasi kimekatwa kwenye daftari.

## Hatua ya 1: Hakikisha unamsumbua mtu sahihi

Dar tuna mtu wa kila kona anayeitwa msuluhishi. Mjumbe, mwenyekiti wa mtaa, mchungaji, sheikh, afisa ustawi wa jamii, shangazi. Wote wanaweza kuwashauri na wengine wanashauri vizuri sana, ila hati inayokubalika mahakamani inatoka kwenye baraza linalotambulika kisheria, yaani lile la kata, au la jumuiya ya dini ambalo waziri amelitambua. Kwa Waislamu wengi wanapitia BAKWATA, na Wakristo baadhi wanapitia mabaraza ya kanisa lao.

Kwa hiyo uliza swali moja, tena uliulize bila kuona aibu: "Je, nyinyi ni baraza linalotambulika chini ya Sheria ya Ndoa, na mnatoa hati kama usuluhishi ukishindikana?" Kama jibu ni kigugumizi, huyo hajachelewesha shauri lako, shauri lako halijaanza kabisa. Nilimpokea dada mmoja kahangaika miezi minane na barua ya serikali za mtaa, iko na muhuri na kila kitu, imeandikwa "wameshindwana". Mahakamani haikumsaidia kitu.

Kama ni kata, kwa kawaida ni ile anayoishi mume. Dada aliyehamia kwao Mbagala wakati mume yuko Tabata asishangae Mbagala wakimwambia rudi Tabata.

Na kwa ndugu zangu mlioachwa kwa talaka ya mdomo au ya karatasi, bado mkienda mahakamani hati ya baraza itaulizwa. Usikae nyumbani ukidhani yameisha.

## Hatua ya 2: Geuza malalamiko yako kuwa tarehe

"Nimeenda mara nyingi" haimsaidii mtu yeyote. Fungua ile kaunta buku, chora mistari minne: tarehe, saa, nilimkuta nani, aliniambia nini. Anza na unazozikumbuka, halafu fungua simu uangalie orodha ya simu ulizopiga ukazinakili, kabla hazijafutika. Na meseji pia.

Ukurasa mzuri unasomeka hivi: "Alhamisi tarehe 6, saa 3:20 asubuhi. Ofisi imefungwa. Mama anayeuza chai nje kasema katibu yuko msibani. Nimepiga mara 2, haikupokelewa." Yaani ni kavu, haina matusi, haina "wanafanya makusudi". Hakimu au mkurugenzi akiisoma anaona picha mwenyewe.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu huko mbele, baraza likigoma kabisa, hiki kidaftari ndo kitakachokubeba. Neno lako dhidi ya neno la mwenyekiti, mwenyekiti anashinda. Neno lako lenye tarehe kumi na moja, hapo mnaanza kuongea.

## Hatua ya 3: Acha kupiga simu, andika barua

Hii ndo hatua watu wengi hawaifanyi na ndo yenye nguvu kuliko zote. Simu haiachi alama ofisini. Barua ikipokelewa inakuwa na tarehe, na anayeipokea anajua sasa kuna mtu mwingine anaweza kuja kuiona.

Andika fupi, namna hii:

*Mwenyekiti,*
*Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, Kata ya ………,*
*Dar es Salaam.*

*YAH: KUKUMBUSHIA SHAURI LA NDOA LILILOFUNGULIWA TAREHE ………*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Nilifungua shauri tajwa na tukasikilizwa tarehe ……… Tangu hapo sijapata wito mwingine, na nimefika ofisini kwako tarehe ………, ……… na ……… bila kupata majibu.*

*Naomba mambo matatu: (1) tarehe ya kikao kijacho ndani ya siku 14, (2) kama usuluhishi umeshindikana, hati kwa mujibu wa kifungu cha 104 cha Sheria ya Ndoa, (3) kikao kifanyike faragha, wakiwepo wajumbe na wahusika tu, na kumbukumbu za shauri zisionyeshwe kwa mtu asiyehusika.*

*Natanguliza shukrani.*

Jina, sahihi, namba ya simu. Imetosha. Usiandike mwenzako alifanya nini chumbani. Barua hii itapita mikononi mwa karani, mhudumu, labda na mgambo wa mlangoni, kwa hiyo iandike kama vile itabandikwa kwenye nguzo ya umeme. Zile siku 14 ni ombi lako tu la kupima mwendo, sheria haijazitaja, ila ukiweka namba mtu anapata cha kujibu.

Sasa kuipeleka. Toa nakala mbili. Ingia na salamu, "shikamoo mzee, nimeleta barua", usiingie na ugomvi. Moja waachie, nyingine waambie wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kama ofisi ina daftari la dispachi, angalia kwa macho yako barua yako inaandikwa na namba inapewa, halafu namba hiyo iandike kwenye nakala yako. Wakikwambia muhuri umefungiwa kabatini na mwenye funguo hayupo, omba aliyepokea aandike jina lake, tarehe na asaini, kwa ile kalamu yako ya bluu. Akikataa na hapo, nenda hapohapo kwa Mtendaji wa Kata, mara nyingi ni mlango wa pili tu, ikabidhi kwake.

Umefaulu ukitoka pale na karatasi yenye tarehe ya leo na alama ya mtu mwingine.

Angalizo la hela. Ukisikia "ya maji" au "ya kuita wajumbe", uliza kwa upole: inalipwa kwa kontroo namba, na risiti napata? Halali ina risiti. Isiyo na risiti iache, na ikizidi TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Ukitoa ya kwanza umefungua duka, ataendelea kukuchelewesha ili utoe ya pili.

## Hatua ya 4: Siri zinavyovuja hasa, na jinsi ya kuziba

Watu wanamlaumu msuluhishi tu, na kweli wapo wasuluhishi wenye mdomo, nisiwafiche. Lakini nikikaa na mtu tukafuatilia tundu lilipo, mara nyingi tunakuta matatu manne.

Steshenari. Hili linaniuma kila siku. Mtu ana maelezo yake ya kurasa sita, mambo ya ndani kabisa, anayatuma kwa WhatsApp kwenye namba ya steshenari ya jirani ili yaprintiwe. Lile faili linabaki kwenye ile kompyuta, folda ya daunlodi, na kijana wa pale anasoma akiwa hana wateja. Andika kwa mkono, au nenda steshenari ya mbali na kwenu, Kariakoo huko hawakujui, fungua mwenyewe kwa flashi yako, printi, kisha usiondoke bila kuhakikisha faili halikubaki. Nakala zilizoharibika chukua zote, usiache zikageuzwa za kufungia maandazi.

Benchi la nje. Unasubiri kuitwa, jirani yako kwenye benchi anakuuliza "na wewe shida nini?" unamwambia. Mwambie "nafuatilia barua" basi.

Wasindikizaji. Umekuja na watu watano, kila mmoja ana mama yake wa kumsimulia. Ndo maana nikasema mmoja. Halafu kumbuka wakili haruhusiwi kukuwakilisha baraza bila idhini ya baraza lenyewe, na mtu wa kukusemea anatakiwa awe wa familia.

Simu. Badili nywila, toa laini yako kwenye WhatsApp ya kompyuta ya ofisini au ya nyumbani, na zima zile notifikesheni zinazoonekana simu ikiwa imefungwa. Na wewe usiingie kwenye simu ya mwenzako kupiga picha meseji za mchepuko ukadhani unakusanya ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa, unaweza kwenda kama mlalamikaji ukatoka mshtakiwa.

Karatasi zenyewe. Vipimo vya hospitali, stetimenti za benki, majina ya watoto na shule yao, usikabidhi baraza. Onyesha kama ni lazima, kisha rudisha kwenye begi. Watoto waandike "mtoto wa kwanza, miaka 9". Majibu ya VVU hasa, ya kwako au ya mwenzako, usiyatamke pale hata ukiwa na hasira kiasi gani, yana ulinzi wake kwenye sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 na ukishayatoa hayarudi. Kama kuna kitu lazima kiwasilishwe, bahasha imefungwa, juu andika SIRI na jina la mwenyekiti, na kwenye dispachi iandikwe "bahasha moja iliyofungwa".

## Hatua ya 5: Siku ya kikao

Ukiingia hesabu watu. Baraza ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Ukiona sura ya ziada, mfano kijana anachaji simu pale kona, sema taratibu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tubaki wahusika na wajumbe." Ni ombi la kawaida wala sio utovu wa adabu.

Kama mjumbe mmoja ni shemeji wa mwenzako, au ni mama mwenye nyumba wenu, omba asikae kwenye shauri lako, na ombi hilo liingizwe kwenye kumbukumbu. Usimtuhumu. Sema tu "tuna undugu, ningependa asihusike."

Kuongea je? Toa picha inayotosha kuonyesha ndoa imeshindikana: tangu lini hamuishi pamoja, hatoi matumizi tangu lini, kuna vipigo, mlishakaa na wazee mara ngapi. Kwa kipimo changu dakika kumi zinatosha. Yale mengine ya undani kabisa yana nafasi yake mahakamani, kama yatahitajika, na huko kuna utaratibu wake.

Kabla hujatoka uliza tarehe ya kurudi, iandike mbele yao kwenye kaunta buku, isome kwa sauti: "Kwa hiyo ni tarehe 20, saa 4 asubuhi, sawa Mheshimiwa?" Mtu akishaitikia mbele ya wenzie inakuwa ngumu kukuruka.

Kama kuna vipigo au vitisho, usikubali kukalishwa benchi moja na mtu anayekupiga kwa jina la usuluhishi. Anzia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, chukua PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) kama umeumia, na baraza waambie mapema kwa maandishi kwamba unaomba msikilizwe kwa nyakati tofauti.

## Hatua ya 6: Siku 14 zimepita, kimya

Panda ngazi, ila moja moja, na kila ngazi unaambatisha nakala ya barua ya chini yake.

Kwanza Mtendaji wa Kata, barua fupi, siku 7. Halafu Mkurugenzi wa manispaa yako, Temeke, Kinondoni, Ubungo, Kigamboni, au Jiji kwa upande wa Ilala, ukiomba mwanasheria wa halmashauri aliangalie suala lako. Baraza ni la dini? Basi nenda ofisi iliyo juu yake, ya wilaya au mkoa, au ya dayosisi au jimbo. Sentensi inayofanya kazi ni hii: "Siombi muamue ugomvi wetu, naomba baraza litoe tarehe au litoe hati." Maana ukianza kusimulia ndoa yako kwa mkurugenzi umefungua tundu jipya la siri, na yeye atakurudisha ulikotoka.

Hapa pia ndo muda wa kupata msaada wa bure. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na wasaidizi wa kisheria wa kwenye kata wanaandika hizi barua kila siku, na barua yenye nembo inajibiwa haraka kuliko yetu, ndo hali halisi.

## Hatua ya 7: Mwenzako hatokei, au baraza limegoma kabisa

Hizi ni hali mbili, usizichanganye.

Kama mwenzako kaitwa na amekataa kuja makusudi, kifungu hichohicho cha 101 kina msamaha wake, huna haja ya kusubiri mpaka moyo wake ulainike. Unachohitaji ni ushahidi kwamba aliitwa kweli: nakala za wito, nani alimpelekea, alisema nini. Omba baraza waandike hilo. Msamaha upo pia kwa aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi, mwenzake akiwa nje ya nchi na hategemewi kuingia ndani ya miezi 6, akiwa na kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 5, na akidaiwa kuwa na ugonjwa wa akili usiotibika.

Kama baraza lenyewe ndo halifanyi kazi, kuna mlango wa mwisho: mahakama ikiridhika kwamba kuna mazingira ya kipekee yanayofanya kupitia baraza kusiwezekane kwa vitendo, inaweza kukusikiliza bila hati. Sikudanganyi, mlango huu ni mwembamba. Mahakama zetu ziko kali sana kwenye suala la hati, mpaka Mahakama ya Rufani imeshafuta mashauri yaliyoendeshwa miaka kwa sababu hati ilikuwa haiko sawa. Usiende hapa bila kaunta buku lako, barua zenye mihuri, na mtu anayejua sheria.

## Hatua ya 8: Siri ishavuja, ufanyeje

Usijibu mtaani, na usiweke status. Najua inauma, kuna mama alikuja kwangu hawezi hata kwenda gengeni kununua nyanya, anamtuma mtoto. Lakini ukijibu kwa hasira unathibitisha waliyoyasikia.

Siku hiyohiyo andika: kitu gani kimevuja, nani kakwambia, kasema kakisikia kwa nani, lini. Halafu jiulize kwa ukweli hicho kitu ulikisema wapi kwingine. Kama ni baraza tu ndo walijua, andika barua kwa mwenyekiti ukiomba mjumbe husika aondolewe kwenye shauri na kumbukumbu zako ziwekwe mahali pa kufungwa. Usiandike upya ile siri kwenye barua. Andika "jambo nililolieleza kwenye kikao cha tarehe fulani", wenyewe wanalijua.

Faragha ni haki ya kikatiba, ibara ya 16. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na Tume yake inapokea malalamiko. Kama zimezagaa karatasi, picha za kumbukumbu au nakala kwenye grupu la WhatsApp, hapo una kitu cha kushika mkononi cha kupeleka. Piga skrinshoti inayoonyesha namba, tarehe na jina la grupu kabla hazijafutwa.

## Hatua ya 9: Hati ikitoka, ikague kabla hujaondoka

Usiichukue ukakimbia kwa furaha. Simama palepale uangalie: inasema wazi kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha? Barua inayosema "tunawaruhusu waende mahakamani" au "tumempa ushauri" inaweza kukurudisha mwanzo. Majina yenu yafanane na cheti cha ndoa, herufi kwa herufi. Tarehe ipo, sahihi zipo, muhuri upo.

Angalia na upande wa siri. Baraza linaruhusiwa kuongeza mapendekezo kuhusu matunzo, mali au watoto, ila kama wameandika mambo ya chumbani yasiyo na ulazima, omba yaondolewe kabla ya muhuri, maana hati hiyo itasomwa na makarani wengi.

Kisha hesabu miezi 6 kuanzia tarehe iliyoandikwa pale. Shauri la talaka linatakiwa lifunguliwe ndani ya muda huo, ukipitiliza hati imekufa na unarudi kwa mwenyekiti wako. Angalia pia ndoa yenu imetimiza miaka 2, chini ya hapo unahitaji ruhusa ya mahakama kwanza. Kwa Dar mashauri ya familia yana kituo chake jumuishi Temeke, unaweza kwenda kuulizia pale, au Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe.

Toa nakala tatu za hati, kwenye ile steshenari ya mbali. Moja kwa mtu wako mwenye kifua, moja kwenye begi, moja ya mahakama. Ya asili ikae na cheti cha ndoa.